Kusahihisha

Bango la mlango wangu, hapa Ng'ong'ona,
nililiandika kwa mkono wangu mwenyewe:
Kutoa nakala, mia. Kuchapa, elfu moja.
Kuskani, mia tano. Picha za pasipoti, dakika tano.
Shahada yangu ya uhasibu imo droo ya chini,
imelaliwa na rimu za karatasi.

Mwezi wa saba upepo wa Dodoma haubishi hodi.
Unaingia na vumbi lake jekundu, unakaa kwenye kibodi,
herufi ya K inagoma.
Sijui ni barua ngapi zimetoka hapa
zikiomba "azi".

Ninawajua wote wanaotafuta.
Namjua aliyekunja cheti pale penye F ya hesabu,
na aliyemweka mjomba mmoja kuwa wadhamini watatu.
Yupo aliyeandika "uzoefu: miaka mitatu"
nami nikajua ni miaka mitatu ya kuja hapa kuchapa.

Zikatangazwa nafasi mbili za uhasibu, Chamwino.
Ya kwangu niliituma usiku wa manane
mtandao ukiwa mwepesi, mbwa wakibishana.
Kulipokucha akaja Yaredi Chibago,
flashi inaning'inia shingoni kama hirizi.
"Dada Mbeleje, nitolee hii. Mwisho leo saa kumi."

Nafasi ile ile. Kumbukumbu namba ile ile.
Na barua yake ya Chamwino
ilikuwa inamwamkia Mkurugenzi wa Bahi.

Printa ilishaanza kuunguruma,
karatasi imetoa kichwa.
Sitasema sikufikiri. Nilifikiri vizuri sana,
nilipiga hesabu kama nilivyofundishwa:
katika elfu mbili, toa mmoja.
Kosa ni lake, mia ni zake,
mimi ni mashine ya kuchapa, nani aulize mashine?

Kola ya shati lake ilikuwa imegeuzwa na fundi,
upande wa ndani umeletwa nje.
Mimi pia ninayo ya namna hiyo.

Nikaivuta karatasi.
"Kaka, hapa umeandika Bahi."
Akashika kichwa kwa mikono yote miwili.
Akauliza kusahihisha ni shilingi ngapi.
Nikasema bure,
na neno lilipotoka nikatamani kulirudisha.

Siku ya usaili tulipanga foleni tangu giza.
Mmoja alimnyonyesha mtoto huku akikariri kodi ya ongezeko la thamani.
Mwingine alituuzia maandazi, kisha akaiweka ndoo ukutani
akaingia naye, ana namba yake kifuani.
Yaredi alikuwa safu ya tatu mbele yangu.
Alinipungia kalamu.

Majina yalitoka Ijumaa. Watu walijaa mlangoni,
nikayafungua mbele yao, nikashuka nayo taratibu.
Chibago, lipo.
Nikaendelea kushuka mpaka chini, mpaka penye sahihi na muhuri,
nikapanda tena, labda wameniandika vibaya.

Akaomba nakala ya ukurasa ule.
Nilimtoza mia.
Mia ni mia.

Mama akapiga simu kutoka Mpunguzi.
"Mzabibu usipokatwa hauzai, mwanangu."
"Mama, hii ni mara ya saba nakatwa, nimebaki kisiki."
Akanyamaza, nikasikia mbuzi wake.
"Basi njoo tuvune. Vibarua wamepandisha bei."

Nilikwenda siku mbili, nikarudi na vidole vyeusi.
Kwenye kopo la rangi kulikuwa na mabaki,
yalitosha mstari mmoja chini ya ile mingine:
Kusahihisha barua, elfu mbili.
Herufi zimepinda kidogo, upepo ulikuwa unavuma.

Wa kwanza kulipa alikuwa binti wa Kondoa.
Alisoma bango, akasoma uso wangu, akauliza
kama mtu anaweza kupunguziwa.
Nikamwambia akae kwanza, tuione hiyo barua.
Ilianza vizuri. Mstari wa pili palikuwa na kosa.